Kura za Darasa la Nne

14 Septemba

Mama mdogo,

Fomu ile niliijaza mimi, si mama.

Nimeanza vibaya, najua. Lakini nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, kama kawaida yangu, na barua itafungwa bila neno lenyewe. Sasa limeshatoka. Shikamoo. Natumaini u mzima na kwamba wodini wamekuongezea wasaidizi. Bibi hajambo, ila magoti. Paka amezaa ndani ya sanduku la cherehani, watoto wanne, na Bibi anasema wawili wamefanana na paka wa mchungaji, lakini hataki maneno.

Sijui redio za huko zimewaeleza nini. Jumapili tulipiga kura ya maoni, mkoa ugawanywe uwe miwili au ubaki mmoja. Mama alikuwa msimamizi wa kituo cha shuleni kwao, chumba cha darasa la nne. Hicho ndicho kituo anachopigia kura mbunge wetu, Kengele, aliyeongoza upande wa Hapana mkoa mzima kwa sauti yake ile. Kura zikahesabiwa, mama akaandika jumla ubaoni kwa chaki: Hapana 431, Ndiyo 122.

Mimi sikuwa na kazi yoyote pale. Nilimpelekea mama mwavuli na sweta tu, maana mawingu yalikuwa yametanda. Karani wake alikuwa ameshikwa na homa mchana akapelekwa kwao. Nilipofika, mawakala wawili walikuwa wanashuka ngazi mbiombio, mmoja wa Ndiyo na mmoja wa Hapana. Wa Hapana ni yule kinyozi wa karibu na posta. Walikuwa wameiona hesabu ubaoni wakaridhika, na mvua ilikuwa inakuja, kwa hiyo mama aliwaruhusu watie saini fomu ya matokeo ikiwa tupu. Na yeye akatia. Aliniambia amewahurumia, viatu vya kinyozi vilikuwa vipya.

Mikono yake ilikuwa kwenye lakiri ya sanduku. Akanisukumia fomu, akasema, "Jaza, mwanangu. Mwandiko wako ni wangu." Ni kweli. Alinifundisha kuandika akiwa amenishika mkono, na tangu darasa la pili hakuna anayetutofautisha. Ubaoni mama alikuwa ameanza na Hapana, kushoto, kwa kuwa lilikuwa fungu kubwa. Kwenye fomu, Ndiyo iko juu. Mkono wangu ulifuata ubao. Niliandika 431 mstari wa juu, kwa tarakimu na kwa maneno, na 122 chini yake, kwa mwandiko mzuri sana. Kaboni ikapeleka kosa langu kwenye nakala zote nne. Mama hakusoma. Alichukua dasta akafuta ubao, kwa sababu hajawahi kumwachia mwalimu wa kesho ubao mchafu, tukaenda nyumbani chini ya mwavuli mmoja tukicheka.

Jumanne matokeo yalisomwa kituo kwa kituo. Nilisikia jina la shule, nikasikia "Ndiyo, mia nne thelathini na moja," nikajua. Hapana ilishindwa mkoa mzima kwa kura elfu nne na kidogo. Kengele alisimama juu ya gari akauliza, je, kwa akili za kawaida, mimi nimekataliwa na majirani zangu? Vijana wake wakachoma ghala la manispaa. Masanduku yote yalikuwa humo. Sasa hakuna cha kuhesabu upya.

Alhamisi walikuja kumchukua mama, askari wawili wa kike, kwa heshima. Aliwaomba wasubiri amalize kusahihisha madaftari saba yaliyobaki, nao wakasubiri. Kinyozi amewaambia polisi kwamba fomu aliyoitia saini ilikuwa imejazwa sawasawa, na kwamba mama alitengeneza nyingine baada yake kuondoka. Mtu mmoja pale kwenye lango alisema, "Mwalimu amelipiza kisasi." Na watu wote wakaitikia kwa vichwa, maana kila mtu anajua kisa cha mama na Kengele.

Nilifungua mdomo niseme. Mama alinitazama kama anavyomtazama mtoto aliyenyoosha kidole kabla swali halijaisha. Nikafunga.

Hakuna mwingine anayejua. Hata Bibi. Nakuomba ibaki kwako, na uniambie nifanye nini.

Mwanao


2 Oktoba

Kimya wangu,

Marahaba. Mimi mzima, miguu tu imevimba kama mikate. Wasaidizi hawajaongezwa, wamepunguzwa. Tuna mzee mmoja wodini anayemuuliza kila muuguzi alivyopiga kura kabla hajakubali sindano, na ukijibu vibaya anakuombea mkono utetemeke. Hao paka mpeni mchungaji, alee damu yake.

Barua yako nimeisoma mara tatu ndani ya chumba cha shuka, mlango nimeuegemea. Sasa nisikilize kama unavyonisikiliza nikiwa nakuchana nywele. Usiseme. Si kwa polisi, si kwa wakili, si kwa Bibi, si kwa Mungu kwa sauti. Dada yangu ni mtu mzima, amezaa, amezika mume, ameongoza shule. Akinyamaza ana sababu.

Na usimwonee haya Kengele. Nataka ukumbuke ulikuwa na miaka minane. Alikuja shuleni na waandishi wa habari siku ya mvua, akakuta ndoo sita zimekinga maji darasani. Paa lilikuwa limeombwa kwake miaka miwili mfululizo. Akamgeukia mama yako mbele ya watoto mia nne, kwa sauti ile: "Mwalimu Mkuu, hapa mnafundisha watoto au ndoo?" Waandishi wakacheka. Baada ya mwezi alivuliwa cheo. Mpaka leo kuna wanaume wenye ndevu wanaomwita Mwalimu Ndoo sokoni, na amewafundisha yeye kusoma. Mtu kama huyo aliposhindwa kura, mimi nilipika kidogo kilichokuwepo nikala kwa raha. Mungu anisamehe, sikujua kwamba bili itakuja kwetu.

Nimeomba ruhusa nije. Wamesema Desemba, labda.

Choma barua hii. Yako nimeshaichoma.

Mama yako mdogo


20 Oktoba

Mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini miguu imepungua. Bibi anakusalimu. Yeye ndiye aliyekuwa anampenda Kengele nyumba nzima, kwa sauti tu, anasema mengine hayamhusu. Ile kalenda yenye picha yake ameigeuza ikatazama ukutani. Sasa hatujui tarehe mpaka tuulize kwa watu, na watu hawapendi kutujibu. Jirani wa kushoto hujifanya anatafuta kitu kwenye pochi tukipishana. Kwenye mlango wetu mtu ameandika kwa chaki WEZI WA KURA. Niliyafuta, yakaandikwa tena, na mara ya pili nikagundua ni mwandiko wa mwanafunzi wa mama, maana herufi zimelala vizuri.

Nilikwenda kumwona mama mahabusu. Kuna waya katikati, na watu kumi wanapiga kelele kwa pamoja kila mmoja na wake. Wewe unajua mimi sauti yangu haifiki hata upande wa pili wa meza. Amekonda. Ana kikohozi.

"Barua ya chuo imekuja?" aliuliza.

"Imekuja. Tunaanza Januari, tarehe kumi na tisa."

"Wanataka cheti cha tabia njema kutoka polisi?"

"Wanataka."

"Basi."

"Mama, mimi nilitaka..."

"Mboga umezimwagilia?"

"Mama."

"Nimekuuliza habari za mboga."

Nikamwambia zimekauka. Akasema nizimwagilie asubuhi, si mchana. Muda ukaisha.

Wakili anasema walimpa mama kalamu wakamwamuru aandike namba zile mara ishirini. Mtaalamu amesema mwandiko ni ule ule, hana shaka. Wakili hana furaha na jambo hilo. Alinieleza polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa: kughushi fomu ni miaka saba. Lakini kama fomu ilitiwa saini ikiwa tupu, kisha ikajazwa kwa makosa, huo ni uzembe, na kwa uzembe mtu hafungwi. Mama amesema ilikuwa tupu. Nani atamwamini peke yake? Wakala wa Ndiyo anasema hakumbuki. Upande wake umeshinda, akumbuke ili iweje. Kinyozi ameshasema lake, na Kengele amelipeleka mahakamani kwenye kesi yake ya kupinga matokeo. Ndilo ushahidi wake mkubwa.

Mimi niliiona ile fomu ikiwa tupu. Saini tatu chini, juu hakuna kitu. Mimi peke yangu.

Mama mdogo, miaka saba. Nijibu upesi.

Mwanao


11 Novemba

Mama mdogo,

Shikamoo. Sijui kama barua yangu ya tarehe ishirini ilifika. Wengine hawajambo.

Nilikwenda kituo cha polisi Ijumaa. Nilikaa kwenye benchi karibu saa nzima nikiirudia sentensi yangu kichwani. Zamu yangu ikafika. Askari akaniuliza, "Binti, shida yako?" Nikasema nimepoteza kitambulisho. Akaandika yote, akagonga muhuri, akaniambia pole. Sasa nina karatasi ya serikali inayosema nimepoteza kitambulisho, na kitambulisho kilikuwa mfukoni mwangu muda wote ule.

Nilirudi kwa miguu. Sikulia, nilikuwa najichukia tu.

Kesi ya mama imepangwa Januari. Kikohozi chake kimeshuka kifuani. Juzi aliniuliza kama wewe umeniandikia siku hizi, na nilipojibu hapana, alipumua. Nimeufikiria sana ule mpumuo.

Mama alikuandikia, sivyo?


19 Novemba

Kimya,

Ndiyo. Aliandika.

Barua ilitoka kwa mkono wa mfungwa aliyeachiwa, ikanifikia wiki moja baada ya kukujibu. Ameniapisha kwa kaburi la baba yetu. Zaidi ya hapo usiniulize. Ameandika mambo kukuhusu ambayo dada hamwandikii mdogo wake isipokuwa anaaga.

Nilikuwa nashika kalamu kila siku ya mapumziko na kuiweka chini. Nikikwambia sema, nimemsaliti yeye. Nikikwambia nyamaza, kila mwezi nitakaokula na kulala atakuwa ndani. Tazama pia jambo hili: ukisema, watauliza mtu asiye karani alifanya nini kwenye fomu ya serikali. Watakuwa na wawili badala ya mmoja. Nani atakuamini, mtoto wa mshtakiwa?

Usinilazimishe kuchagua kati yenu. Siwezi, mwanangu. Nimejaribu.

Desemba wamenikatalia ruhusa.


8 Desemba

Mama mdogo,

Shikamoo. Bibi ameanguka bafuni lakini hakuvunjika. Watoto wa paka wamekuwa wakubwa, wanapanda mapazia.

Nimefanya jambo. Sikukuuliza kwa sababu ulisema nisikulazimishe.

Kengele hupokea watu kila Jumanne, ofisini kwake juu ya duka la rangi. Nilivaa viatu vya mama. Ngazi zilikuwa zimejaa watu, mwanamke anayetaka maji ya bomba, mzee wa pensheni, vijana wanaotaka tu kuonekana wamekaa pale. Katibu wake aliniuliza jina na shida. Nikasema ni kuhusu kituo cha darasa la nne. Alinitazama, akaingia, akatoka, akanipitisha mbele ya wote.

Ukimwona karibu ni mfupi. Alikuwa anakula, leso shingoni, na hakuacha. "Sema."

Nilisimama. Sikuweza, mama mdogo. Akasema, "Nina watu thelathini kwenye ngazi, binti." Nikachukua kalamu iliyokuwa mezani kwake, na kwenye kipande cha karatasi nikaandika, mia nne thelathini na moja, na chini yake, mia moja ishirini na mbili. Kwa tarakimu na kwa maneno.

Aliacha kutafuna. Alifungua jalada, akatoa nakala ya fomu, akaviweka sambamba. Akatazama vitu hivyo viwili kwa muda mrefu kuliko ninavyoweza kueleza.

"Wewe ni mtoto wa Mwalimu Ndoo."

"Ana jina," nilisema. Sijui nilitoa wapi.

"Najua ana jina. Kaa."

Basi nikamweleza. Mwavuli, saini tatu, ubao, mkono wangu. Sauti yangu ilikuwa ndogo mpaka akaja kukaa upande wangu wa meza. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza, aliuliza mambo mawili tu.

"Kinyozi wangu alitia saini ikiwa tupu?"

"Ndiyo. Nilimwona akishuka, na nilipoingia juu hapakuwa na kitu."

"Nani mwingine anajua?"

"Mama yangu mdogo. Yuko mbali."

"Aendelee kuwa mbali."

Kisha akachukua penseli. Alitoa 122 kwenye 431, akazidisha kwa mbili, akapata 618. Chini yake akaandika ile elfu nne na kidogo aliyoshindwa nayo. Alisema, lakini si kwangu, "Vijana wangu wamepekua fomu za mkoa mzima miezi mitatu. Wameniletea hii moja. Moja tu. Na ni mkono wa mtoto." Akaweka penseli chini. "Basi walinishinda kweli."

Sikujua kama natakiwa kujibu. Nikajikuta nauliza lile ambalo sikuja kuuliza. Kwa nini alimwaibisha mama kwa ajili ya zile ndoo?

"Paa lilikuwa linavuja," alisema. "Nilisema nilichokiona."

"Aliomba paa kwako. Miaka miwili."

"Ndiyo. Aliomba." Alijifuta mdomo kwa leso. "Barua zake nilikuwa nazo kwenye gari siku ile."

Nilisubiri aseme samahani. Hakusema. Aliichukua ile karatasi yangu, akaichana vipande vidogo, akavitia mfuko wa shati. Akaniambia niende nyumbani, nisiongee na mtu, nisirudi pale tena. Nilipofika mlangoni nikamsikia anamwagiza katibu amwite kinyozi, aje na daftari lake alilolibeba siku ya kura.

Nimekaa nalo wiki nzima. Kesi yake inasikilizwa Jumatatu. Akisimama na kusema mtu asiyehusika alijaza fomu, atafutisha matokeo ya kituo kizima, na mama na mimi ndio tutakuwa ngazi yake. Nani asingeipanda? Kila ninapomwona mtu wa gazeti navuka barabara. Nimempelekea adui yetu kitu pekee ambacho mama alikaa ndani kukificha. Niambie kama nimemuuza mama. Hata kama jibu ni ndiyo, andika.

Mwanao


20 Desemba

Mwanangu Kimya,

Marahaba. Mwambie Bibi aache kuoga amesimama, tumeongea habari hiyo.

Nilikuwa nafunga bandeji Jumatatu saa nne, redio ya mzee wa sindano ikiwa juu ya kabati. Wakasema Kengele ameondoa kesi yake na sasa anaongea na watu wake nje ya mahakama. Nikasema mzime, nina kazi. Mzee akakataa. Nikasikiliza kwa ajili yako, bandeji mkononi.

Sauti ilikuwa yake lakini kengele ilikuwa haimo. Alisema, "Kituo changu kiliandikwa kinyume, kwa kosa. Wakala wangu mwenyewe alitia saini karatasi tupu ili asiloweshe viatu, kisha akawadanganya polisi, na mimi nikaushikilia uongo wake kwa sababu ulinipendeza. Kura zile zikirudi mahali pake, bado tumeshindwa. Tumeshindwa kwa haki." Watu wakaanza kuzomea. Mtu akapiga kelele, umenunuliwa kwa bei gani? Akasema, "Ghala mmechoma nyie. Mlichoma kura zenu wenyewe." Baada ya hapo ikawa vurugu, tukasikia vioo. Gari lake, walisema baadaye. Yeye alitoka kwa miguu katikati yao.

Mzee wa sindano, ambaye alipiga Hapana na angependa tuwe tumeibiwa sote, alinyoosha mkono akaniambia, "Nichome tu."

Simpendi mtu yule. Nisikilize vizuri, simpendi na sina mpango. Alikuwa na barua za dada yangu ndani ya gari. Lakini nilikwenda kukaa chumba cha shuka, na nilijiuliza ni wangapi ninaowapenda ambao wangeweza kusema maneno yale mbele ya watu wenye mawe. Sikupata mmoja. Na mimi simo. Mimi niliapa nikanyamaza nikaita huo upendo.

Hujamuuza mama yako. Ila haijaisha. Alisema "kwa kosa" bila kusema kosa la nani, na mahakama itataka kujua. Januari watamweka kizimbani. Sijui atakachosema akibanwa. Usilale njaa.

Mama yako mdogo


16 Januari

Mama mdogo,

Shikamoo. Bibi anaoga amekaa. Ameigeuza kalenda, ila ni ya mwaka jana, kwa hiyo bado tunauliza tarehe.

Mama yuko nyumbani. Nimeandika haraka ili usisome barua yote ukiwa umeshika kifua.

Kesi ilikuwa Jumatano ya wiki iliyopita. Kinyozi alikuja na daftari lake analoandikia zamu za wateja. Ukurasa wa mwisho alikuwa amenakili kutoka ubaoni, Hapana 431, Ndiyo 122, na alikiri kutia saini karatasi tupu. Alilia. Mama aliketi wima akitazama mbele. Aliulizwa nani alijaza fomu, akasema, "Ni mwandiko wangu." Si uongo kamili, na hakuna aliyemwuliza zaidi.

Kengele aliulizwa zaidi. Mwendesha mashtaka alitaka kujua ni nani aliyemwambia amhoji kinyozi, baada ya miezi mitatu ya kumwamini. Mimi nilikuwa safu ya nyuma. Alinipitia kwa macho kama mtu anayetafuta saa ukutani.

"Sitasema," alijibu.

Hakimu akamwambia, "Mheshimiwa, naweza kukulaza ndani kwa jibu hilo."

"Nimewahi kulala pabaya zaidi. Niliambiwa, nikahakikisha, ni kweli. Inatosha."

Nje kulikuwa na watu wake wa zamani wakiimba msaliti. Sikujua mtu anaweza kuimbwa hivyo na bado akafunga vifungo vya koti kimoja baada ya kingine. Hakimu akafunua ukurasa, akaendelea. Hakumlaza.

Ikawa uzembe. Mama hafungwi. Lakini idara imemwachisha kazi, barua ilikuwa imeshaandikwa, walisubiri tu tarehe. Miaka ishirini na sita. Anakohoa mpaka anashika ukuta. Asubuhi anaamka saa kumi na mbili, anavaa nguo za shule, kisha anakaa kitandani hivyo hivyo mpaka Bibi amwite. Wakati mwingine nadhani tulimtoa mahali pamoja tukamwingiza pengine.

Kwenye ngazi za mahakama walipishana. Mama aligeuza uso. Kengele alipita bila kusema kitu. Nilitaka kumkimbilia, lakini nikabaki nimeshika mkono wa mama. Labda ni vizuri. Angeniambia ana watu thelathini wanaomsubiri, na hapakuwa na hata mmoja.

Jana jioni tulikuwa tunakunja nguo zangu za chuo. Redio ikasema chama chake kimemfukuza. Nilijua mama atasema afadhali. Alikuwa anakunja shati, akalinyoosha, akalikunja upya.

"Wamemfukuza?" alisema. "Wapumbavu. Pale alikuwa peke yake anayejua kutoa na kuzidisha."

Akaniambia nilete soksi. Nilikwenda kuzitafuta na nikachelewa kurudi.

Mama anaamini kinyozi alishikwa na dhamiri, na kwamba yeye kwa miezi minne alinifunika, hakuna aliyeniona. Ndicho alichobaki nacho. Hana kazi, hana kifua, ana hicho. Nikimwambia kwamba nilitoka mwenyewe chini ya mkono wake nikaenda kwa mtu yule, na kwamba yule naye akanifunika bila kuomba chochote, sijui atashika nini asubuhi akiwa amekaa pale kitandani.

Kesho kutwa nasafiri kwenda chuo. Tutabaki wewe na mimi tunaojua, na Kengele, ambaye hatasema. Akikuandikia mama, akikuuliza, hata akikuapisha tena, mwambie siku ile ya Jumanne nilikuwa namwagilia mboga. Tafadhali, mama mdogo. Usimwambie.

Mwanao